Sauti Nasikia, Maneno Siyashiki

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimesimama, maana kiti changu kimevunjika mguu na ninaandikia kwenye ukingo wa dirisha. U hali gani, Mama? Mgongo umepoa, au bado unausugua kwenye fremu ya mlango na kusema ni mazoezi? Cherehani inaendaje? Na mpangaji wako wa chumba cha uani, yule muuza dawa mpole, bado anaomba radhi kila anapopita, kana kwamba kamkanyaga mtu? Msalimie sana. Mimi ni mzima wa mwili. Nasema wa mwili. Hayo mengine utayasoma mwenyewe.

Najua umeshaanza kuguna. Barua ya karatasi zama hizi, kuna nini, nani kafa? Hajafa mtu. Tulia, vaa miwani, vuta kiti pale penye mwanga. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi ili usimwite mpangaji akusomee, kwa sababu mambo ya humu ni yetu wawili. Ni muda mrefu sasa tunapigiana simu kila Jumapili, na sidhani kama tunaongea. Nataka kitu kimoja tu kwako, Mama. Nataka unisikie. Simu imenishinda, ndiyo maana nimekimbilia kalamu.

Nianze na hapa ninapokaa, maana hujawahi kupaona. Ni chumba kimoja ghorofani, na jiko ni la wote. Kwenye kabati la jikoni kila mtu ana rafu yake na amebandika karatasi yenye jina. Wenzangu nawafahamu kwa rafu zao kuliko kwa sura: huyu anapenda chai nyeusi, yule hafungi vizuri mfuko wa sukari. Tukikutana kwenye ngazi tunatikisiana vichwa. Nilipofika nilijaribu kusalimia kama ulivyonilea, habari za asubuhi, umeamkaje, nyumbani hawajambo, na mama mmoja akaangalia nyuma kuona nazungumza na nani. Tangu siku hiyo natikisa kichwa kama wao. Shingo yangu imekuwa imara kweli.

Simu zako nilikuwa nazipigia hapa hapa chumbani, mpaka siku moja nikakuta karatasi mlangoni inaniomba kwa heshima nipunguze kelele siku za Jumapili. Sikuwalaumu. Nilikuwa napaza sauti ukuta mzima unanisikia, isipokuwa wewe. Basi nikahamia kwenye jengo la kuegesha magari lililo jirani, juu kabisa, kwenye paa, ambako magari hayapandi ila siku za shughuli kubwa. Huko ndiko nimekuwa nikisimama na kupiga kelele kwamba nimekula, Mama, nimekula nimeshiba, huku njiwa wakiniangalia.

Sasa kazi. Kaka aliniambia kwamba ukiulizwa mwanao wa mwisho anafanya nini, unajibu, "Anafanya kompyuta." Mama, nimekueleza kazi yangu tena na tena kwenye simu, na kila mara ulisema vizuri, mwanangu, ule ushibe. Wacha nikueleze kwa maandishi. Siku hizi mtu mwenye shida haulizi jirani, anaona aibu. Anaandika shida yake kwenye simu, na simu inamtolea orodha ya kurasa, na ukurasa wa juu ndio unaosomwa. Sisi tuna tovuti moja yenye milango mingi, kila nchi na mlango wake na lugha yake. Kazi yangu ni kuhakikisha mtu wa kwetu akiuliza, analetewa mlango wa kwetu, kwa maneno anayoyaelewa na namba ya simu inayoita kwao, si mlango wa ughaibuni. Ni kama kibao cha fundi. Hata uwe unashona namna gani, kibao kikiwa kichochoroni, mteja atapita.

Tunachouza ni mashine za masikio, vile vidude vya kuvaa nyuma ya sikio. Usigune, Mama. Endelea kusoma.

Nilipoanza nilikuta ukurasa wetu umeandikwa na mtu aliyemeza kamusi. Juu kabisa palikuwa na maneno makubwa: visaidizi bora vya usikivu. Nani kwetu anaandika hivyo? Nilipotazama maneno ambayo watu huandika hasa, nilikuta upande mmoja wanasema mashine ya masikio, nchi ya jirani wanasema vifaa vya kusikia, na wengi hawataji kifaa kabisa. Wanauliza simu gani ina sauti kubwa. Wanauliza kwa nini baba anaongeza redio mpaka majirani wanalalamika. Mkuu wetu wa kazi ni mwanamke mkali ninayemwita Mistari moyoni, kwa sababu haamini kitu mpaka akione kimechorwa mstari unaopanda. Alitaka Kiswahili kiwe ukurasa mmoja kwa nchi zote, akasema lugha si ni ile ile. Nikamwambia lugha ni moja lakini kila nyumba ina mlango wake, na mtu hapendi kuingilia mlango wa jirani. Akanisikiliza, kisha akasema hewala, kila nchi iwe na wake, ila kama hadi mwisho wa msimu hakuna mtu anayekuja, atafunga matawi yote ya Kiswahili. Na tawi likifungwa, mimi ninarudi nyumbani na sanduku langu.

Nilikaa siku kadhaa nikitazama ukurasa mweupe. Nilijua ninayetaka kumwandikia, ila sikujua nimwanze vipi. Hapo ndipo nikakukumbuka wewe, Mama. Usikasirike. Nilikumbuka unavyocheka baada ya wengine kumaliza kucheka. Unavyohamisha kiti ili uone mdomo wa mtu. Unavyolaumu watu wa siku hizi kwa kunong'ona, kana kwamba dunia nzima imepata mafua. Nikakumbuka likizo ile ya mwisho, redio inaunguruma mpaka vikombe vinacheza, na Kaka akauliza kama husikii, nawe ukamjibu kwa hasira, "Sauti nasikia, maneno siyashiki." Kisha ukainuka ukaenda kushona, na mada ikafia hapo. Ile sentensi yako niliichukua, Mama. Niliiweka juu kabisa ya ukurasa wa nchi yetu, kwa herufi kubwa, na chini yake nikaandika yale yote niliyoyaona kwako, bila jina lako. Nilipomaliza nikausoma kwa sauti kwenye ngazi za dharura, ambako hakuna mtu. Ndiyo sehemu pekee ofisini ninakosema Kiswahili.

Na bado hakuja mtu. Mstari wa Mistari ulilala chali. Nikaanza kufikiria sanduku.

Kosa lilikuwa dogo, na ni la aina yake. Kila ukurasa wa tovuti unatakiwa kuwataja ndugu zake, yaani mimi ni wa nchi hii, na ndugu zangu wa nchi nyingine ni hawa. Na wale ndugu wanatakiwa kuutaja na wao. Ukurasa wangu ulikuwa umewataja ndugu wote, lakini mafundi walisahau kuwaambia ndugu wautaje na wao. Mtambo wa kutafuta, ule unaotoa orodha ya kurasa, hausadiki udugu wa upande mmoja. Unauona ukurasa kama mgeni anayeingia harusini akisema yeye ni binamu wa bwana harusi, bwana harusi akiulizwa anasema simjui. Unatolewa nje. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiuliza habari za masikio alikuwa anapelekwa kwenye ukurasa wa huku ninakoishi, kwa lugha asiyoijua, anaufunga haraka. Na mimi sikuweza kuliona hilo upesi, maana nikiufungua nikiwa huku, tovuti inatambua niko wapi na kunisukumia mlango wa huku. Ili niuone wa nyumbani lazima niidanganye mashine kwamba niko nyumbani. Kuna mahali pa kuchagua. Kila asubuhi nilikuwa nachagua nchi yetu, nakuwa nyumbani kidogo, nasoma sentensi yako, kisha nazima narudi huku.

Mafundi walirekebisha, ndugu wakatambuana, na watu wakaanza kuja. Walikuja kwa wingi, Mama. Mistari alisimama nyuma ya kiti changu akatazama mstari unavyopanda kama mtu anayetazama chungu kikichemka, akauliza ile sentensi ya juu inasema nini. Nikamtafsiria. Akasema ni sentensi inayoleta watu, nisiiguse. Wenzangu wa kazi walivua vile vizibo vya masikio wanavyovaa mchana kutwa wakapiga makofi, kisha wakavivaa tena. Tawi limepona na kazi yangu pia.

Jumapili ile nilipanda kwenye paa mbio mbio nikuambie. Nikakuambia yote. Ukasema ehee, na kwamba huko nyumbani mvua inatisha. Nikacheka, nikarudia. Ukasema ehee. Basi, Mama, sijui nini kilinipata. Labda ni kwa sababu nilikuwa na furaha na sikuwa na wa kumpa. Siku zote nilikuwa nakudanganya kwamba nina marafiki tele, kwamba tunatembeleana, kwamba jana tulikuwa watu wengi mpaka viti vikapungua. Uongo mtupu, kiti chenyewe ninacho kimoja na hicho ndicho kimevunjika. Siku ile nikasema kweli. Nikasema, "Mama, niko peke yangu huku, na nimechoka."

Ukanijibu kwa sauti ya furaha kabisa, "Vizuri sana, mwanangu. Mungu azidishe."

Nilikata simu. Uliniambia Jumapili iliyofuata kwamba mtandao ulikatika. Haukukatika, nilikata mimi. Nilikaa kwenye lile paa nikilia kama mtoto aliyenyimwa, na nilikukasirikia, Mama, nakuambia kweli yangu yote. Nilisema moyoni kwamba mama amenichoka, ananijibu ili amalize. Hasira hiyo niliibeba siku kadhaa.

Kwenye ukurasa wetu kuna dirisha dogo la maswali. Mtu anaandika, sisi tunamjibu, na kwa sheria ya kazi hatutaji majina. Anayejibu anajiita Mshauri tu. Maswali ya nchi yetu yanakuja kwangu. Katikati ya wiki ile ya hasira ulikuja ujumbe mmoja mrefu, umetoka kwa mtu anayeandikiwa, maana ulianza kwa kusema mimi ni mpangaji wake, ninaandika anavyosema mwenyewe. Mama huyo alisema amekuwa fundi cherehani maisha yake yote. Alisema siku hizi akitaka kujua kama mashine ina hitilafu anaweka kiganja juu yake, maana masikio hayamwambii tena. Alisema ameona maneno yetu ya juu akashtuka, kwa sababu hayo ni maneno yake, nani kawapa? Kisha akauliza swali moja. Je, kidude hiki kinaweza kumsaidia mtu asikie simu ya kitinda mimba wake aliye mbali, bila watoto wengine kujua?

Nilitoka nikaenda kwenye ngazi za dharura. Nilikaa chini.

Umeshajua sasa, Mama. Mshauri ni mimi.

Subiri, usitupe karatasi. Nilifikiria kukuambia siku ile ile, nikashindwa. Ulikuwa unamwambia mgeni mambo ambayo hukuwahi kumwambia hata Kaka, na niliogopa nikijitaja utafunga mlango na hutapimwa tena ng'o. Basi nikakujibu kama ninavyomjibu yeyote. Nikakuambia usinunue kitu, kwanza nenda kliniki ya masikio, huenda ni nta tu imejaa. Na nikauliza, kwa nini watoto wasijue? Mshauri hana haja na jibu la swali hilo. Mwanao ndiye aliyekuwa analihitaji.

Jibu lako ninalo kichwani, sihitaji kulitazama. Ulisema, "Mkubwa akijua, atanihamishia kwake na cherehani itauzwa. Na huyu mdogo akijua, ataacha kazi arudi kunilea. Nilimlea aende, sikumlea arudi kwa ajili ya masikio." Ukasema Jumapili husikii neno hata moja, sauti yangu inakujia kama mtu anayeongea ameziba mdomo kwa mto. Lakini unaipokea simu kwa sababu unasikia pumzi yangu, na nikicheka unajua nimecheka. Na unasema ehee nyingi ili mtoto asidhani umemchoka.

Mama! Na mimi kumbe zile ehee ndizo zilizonifanya nidhani hivyo hivyo. Tumekuwa wajinga wawili, mmoja huku, mmoja huko. Wewe uliyenifundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ndiwe uliyeficha, na mimi mwanao nimefuata nyayo, nimekuficha upweke. Tusilaumiane, damu ni moja.

Nilifurahi ulipoandika kwamba umepimwa na umepewa kidude cha kujaribu hadi mwisho wa mwezi. Nilifurahi peke yangu mezani, na jirani yangu wa kazi akaniuliza kama mstari umepanda tena. Nikamwambia ndiyo, umepanda. Ndipo wiki iliyopita ukamwandikia Mshauri kwamba unakirudisha. Umesema vijiko vinagonga kama nyundo, cherehani inakupigia kelele kichwani kama ina ugomvi na wewe, na mpangaji anaongea kama yumo ndani ya debe. Halafu ukasema lile la mwisho. Kwamba Jumapili ulikivaa, simu ikaita, ukaogopa, ukakivua kabla ya kupokea. Uliogopa ukinisikia nitakuwa na sauti ya mtu mwingine, na ile unayoikumbuka itapotea.

Mshauri amekujibu inavyopasa. Amekuambia kichwa kinahitaji muda kuzoea, uanze na saa chache chumbani kwenye utulivu, urudi kliniki wapunguze makali ya sauti. Yote hayo ni kweli, yafuate. Lakini Mshauri hana sauti unayoiogopa, mimi ninayo. Kwa hiyo nimevunja sheria ya kazi nikaandika hii barua, na nimewapa watu wa vifurushi walioniapia kwamba itakufikia kabla ya Jumapili. Mistari akijua atanikaripia. Na anikaripie, angalau nitakuwa nimeongea na mtu.

Usikirudishe, Mama. Nakuomba. Inawezekana kweli mwanzoni nitasikika kama bati. Nivumilie, kama nilivyokuvumilia ukinifundisha kupinda nguo na kunipiga vidole kwa rula. Kaka simwambii kitu, siri yako ni yangu na cherehani haiendi popote. Na mimi sirudi kwa ajili ya masikio yako, usiogope. Nikirudi siku moja, nitarudi kwa sababu nimetaka.

Jumapili nitapanda kwenye paa wakati ule ule. Safari hii sitapiga kelele. Nitaongea polepole, kama watu wawili waliokaa chumba kimoja, na nitakuambia lile neno nililokuambia siku ile ukaniombea lizidishwe. Nitalisema vile vile, bila kuongeza. Ukisema ehee, nitajua kidude kimo kwenye sanduku lake. Ukiniuliza kwa nini, mwanangu, nitajua umenisikia, na nitakuambia kwa nini, hata ikichukua mchana kutwa.

Nisalimie fundi wa viatu wa pembeni, na wateja wako wote wanaodai nguo zao ziwe tayari kabla hawajaleta kitambaa. Mwambie mpangaji ahsante kwa kukuandikia, ana mwandiko mzuri hata kwenye simu. Kaka msalimie kwa yale ya kawaida tu. Ukimaliza kusoma, ikunje barua hii uiweke kwenye droo ya vifungo, ambako hakuna anayetafuta kitu ila wewe.

Mimi mwanao anayekuwaza kila akiamka,

Kitinda mimba wako,
ambaye pia ni Mshauri